Televisheni ya kampuni ya simu, dishi au antena: kipi kinakuongezea cha kutazama?

Wakala wa faiba akigonga mlango, maneno yake huwa yale yale: kasi hii, bei hii, na juu yake unapata televisheni bila dishi. Anachouza ni njia. Mtazamaji anatafuta kitu cha kutazama: ligi, tamthilia ya saa mbili usiku, taarifa ya habari, katuni za watoto. Njia ina mwenyewe na kipindi kina mwenyewe, na wengi hulipa mara mbili kwa kudhani ni mtu mmoja.

Msimamo wetu tuuweke mezani mapema. Televisheni inayokuja kwa intaneti hubadilisha sana saa, chumba na kifaa cha kutazamia. Orodha ya vipindi unavyoweza kuviona huibadilisha kidogo tu, isipokuwa pale kampuni ya simu yenyewe inaponunua haki za kurusha au inapokubali kuuza chaneli moja moja. Kwa hiyo mtafute kwanza mwenye haki ya unachokipenda, ndipo uulize kitakufikia kwa waya gani.

Huduma mbili zinazouzwa kwa jina moja

Katika huduma ya kwanza, kampuni hubeba chaneli ndani ya mtandao wake yenyewe, kwenye njia iliyotengwa, hadi kwenye boksi ililokupa. Picha haipiti kwenye intaneti ya wazi, haigombei nafasi na YouTube ya watoto, na kwa kawaida haihesabiwi kwenye GB zako. Chaneli moja hutumwa mtaani mara moja, na nyumba zote zinazoitazama huigawana.

Katika huduma ya pili, kampuni inakuuzia kasi au bando, kisha inakuelekeza kwenye programu, iwe yake au ya mtu mwingine. Hapa kila mtazamaji hutumiwa mkondo wake peke yake. Usiku wa fainali watazamaji laki moja ni mikondo laki moja, na ndiyo maana programu hukwama saa ile ile ambayo kila mtu anaihitaji. Afrika Mashariki, utakayokutana nayo mara nyingi ni hii ya pili.

Kuzitenganisha ni swali moja tu kwa wakala: "Boksi hili nikilipeleka kwa ndugu yangu mwenye intaneti ya kampuni nyingine, litaonyesha?" Akisema ndiyo, unachouziwa ni programu ndani ya boksi, na ungeweza kuipata bila yeye. Akisema hapana, ni njia iliyotengwa.

Antena na dishi hufanya kazi kinyume na zote mbili. Chaneli zote hufika juu ya bati kwa pamoja, na king'amuzi huchota moja. Nafasi angani na kwenye satelaiti ina kikomo, hivyo idadi ya chaneli nayo ina kikomo. Waya wa simu hutuma ile tu uliyoiomba, nyingine zinabaki kituoni. Ukipiga hesabu hiyo, orodha inaweza kurefuka bila mwisho, na wauzaji wanapenda sana kuirefusha. Ila kikomo hakijaondoka, kimehamia kwenye idadi ya runinga zinazowashwa kwa wakati mmoja.

AT&T wa Marekani (kampuni ya simu) walipoanza huduma yao ya televisheni, U-verse, huko San Antonio, Texas, mwaka 2006, picha zilimalizia safari kwenye waya wa shaba wa simu. Orodha ilikuwa na mamia ya chaneli, lakini nyumba ilipewa mikondo michache kwa wakati mmoja, na ya HD ilibanwa zaidi. Verizon, kampuni nyingine ya simu ya huko, waliofungua FiOS TV huko Keller, Texas, Septemba 2005, walivuta faiba hadi nyumbani, ila chaneli za kawaida wakazisafirisha kwa rangi yake ya mwanga kama zinavyosafiri kwenye kebo, na intaneti wakaiachia filamu za kuagiza. Kwa hiyo televisheni ya kampuni ya simu si lazima hata iwe ya intaneti.

Pale chaguo lilipobadilika kweli

Mfano bora ni Hong Kong. PCCW, kampuni ya simu ya kule, ilianza huduma yake ya now mwaka 2003 ikiuza chaneli moja moja. Mtu alilipia anazozitaka akaziacha nyingine. Kila chaneli ilifunguliwa kutoka kituoni kwa mteja aliyeilipia, kitu ambacho kwenye antena na dishi ni kigumu zaidi kukidhibiti. Hapo teknolojia ilimpa mtazamaji uhuru ambao hakuwa nao.

Lakini tazama kilichofuata kwenye soka. PCCW walichukua haki za Ligi Kuu ya England kuanzia msimu wa 2007 kutoka kwa i-Cable, kampuni ya televisheni ya kebo, na miaka mitatu baadaye zikarudi i-Cable. Shabiki alihama na haki, akarudi nazo. Waya haukuwa na usemi.

Uingereza ilikwenda hivyo hivyo. BT, kampuni ya simu, walinunua mechi 38 za Ligi Kuu kwa msimu kuanzia 2013/14, Sky, kampuni ya dishi, wakabaki na 116. BT waliitoa chaneli yao mpya ya michezo bure kwa wateja wa intaneti yao, jambo zuri kwa mteja wa BT. Ila aliyetaka mechi zote za moja kwa moja alilazimika kuwa na mkataba pande zote mbili. Wauzaji waliongezeka, na bili zikaongezeka.

Marekani ndiko kunakoonyesha wazi nani ameshika mpini. Aprili 2015 Verizon walitangaza mpango wa FiOS ambao mteja angechukua kapu la msingi na kuongeza vifurushi viwili vya mada anazozitaka. ESPN, wenye chaneli kubwa za michezo, waliwekwa kwenye kifurushi cha michezo badala ya kapu la msingi. Kabla mwezi haujaisha ESPN walikuwa mahakamani New York wakidai mkataba hauruhusu hivyo, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2016. Faiba ilikuwa na uwezo wote wa kumpa kila mteja anachokitaka. Kilichozuia ni karatasi. AT&T nao waliacha kuuza U-verse kwa wateja wapya mwaka 2020, wakahamia kwenye huduma inayopita intaneti ya kawaida.

Kwetu: nani ana nini

Kenya ilizima mitambo ya analogia Nairobi Februari 2015 katikati ya mvutano kati ya mdhibiti na vyombo vikubwa vya habari, na watu wakakaa wiki kadhaa bila chaneli walizozizoea. Mei mwaka huo huo Safaricom wakaleta Big Box: boksi la Android lenye laini ya simu ndani, YouTube, na Wi-Fi ya kugawa nyumbani. Likauzwa kama televisheni ya zama mpya, lakini chaneli za nchini lilizipata wapi? Kwenye antena. Nyuma ya boksi kulikuwa na tundu la waya wa antena kama king'amuzi chochote. Kampuni ya simu ilileta video za intaneti. Citizen, KTN na NTV zilifika kwa mnara ule ule wa kila mtu.

Tanzania ina somo lake. Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko kwa Azam kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Uwe na faiba ya TTCL, laini ya Vodacom au intaneti ya Zuku, mechi ya Simba na Yanga utaipata kwa Azam: kwenye kisimbuzi chao au kwenye programu yao ya AzamTV Max. Ligi Kuu ya England katika ukanda huu imekuwa kwa SuperSport kwa miaka mingi, yaani DStv na huduma ndugu zake. Kubadilisha kampuni ya intaneti hakukupunguzii wala kukuongezea hata mechi moja kati ya hizo.

Na wakati mwingine anayepanga ni sheria. Agosti 2018 chaneli za bure kama ITV, Channel Ten na Clouds TV ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia vya DStv, Azam na Zuku baada ya TCRA, mdhibiti wa mawasiliano Tanzania, kusema leseni zao haziwaruhusu kuzibeba. Waliokuwa wameng'oa antena zao waliingia dukani upya. Ndiyo sababu tunashauri antena ibaki ukutani hata baada ya faiba kuingia. Haili chochote.

Njia nne kwa pamoja

| Njia | Cha kutazama | Unacholipa | Kinachoizima |
|---|---|---|---|
| Antena na king'amuzi | Chaneli za nchini za bure, na za kulipia kiasi | Vifaa mara moja; za bure hazina ada ya mwezi | Kilima, ghorofa jipya mbele yako, waya uliooza |
| Dishi na king'amuzi | Kapu kubwa la chaneli na michezo ya mwenye dishi | Vifaa, fundi, kifurushi cha kila mwezi | Mvua kubwa, dishi kusogea, kifurushi kuisha |
| Faiba na boksi au programu | Filamu na tamthilia za kuagiza, YouTube, programu za wenye haki | Intaneti ya mwezi, kisha kila programu kivyake | Waya kukatwa mtaani, umeme, Wi-Fi mbovu, ukomo wa GB |
| Bando la simu na programu | Sawa na faiba, kwa skrini ndogo | Bando, kisha programu | Msongamano wa jioni, bando kuisha katikati ya mechi |

Ukiisoma safu ya malipo utaona kitu ambacho matangazo hayakisemi: kwenye antena na dishi usafirishaji wa picha umo ndani ya bei, kwenye intaneti unaulipia wewe. Familia inayoacha kifurushi cha dishi ili "ibaki na intaneti tu" huanza na programu moja, na kufikia mwisho wa mwaka inalipia tatu, kwa kuwa kila mwenye haki ana ya kwake. Hapo inafaa kukaa na kalamu.

Hesabu ya GB

Kanuni ni nyepesi: chukua kasi ya picha kwa Mbps (megabiti kwa sekunde), zidisha kwa 0.45, unapata GB kwa saa. Netflix wanapendekeza intaneti ya Mbps 3 kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Picha ikila kiasi hicho chote, 720p ni GB 1.35 kwa saa, 1080p ni GB 2.25, na 4K ni GB 6.75. Kwenye skrini ya simu picha ya Mbps 1 inaridhisha, nayo ni chini ya nusu GB.

Sasa iweke nyumbani. Runinga moja, saa tano kwa siku, picha ya 1080p, ni GB 11.25 kwa siku na karibu GB 340 kwa mwezi. Runinga mbili ni GB 675. Faiba "isiyo na kikomo" mara nyingi ina kifungu cha matumizi ya haki: ukivuka kiasi fulani kasi inashushwa hadi mwezi uishe. Muulize wakala namba mbili na umwambie aziandike: kiasi hicho ni GB ngapi, na baada yake kasi ni ipi. Ikishuka hadi Mbps 1, tarehe 20 ya mwezi runinga yako ni pambo.

Kwa bando la simu, mechi moja na mapumziko yake ni kama saa mbili: GB 4.5 kwa picha safi, GB 1.35 ukiibana hadi Mbps 1.5. Mwenye kutazama mechi nane kwa mwezi kwenye simu, na picha ameibana, anahitaji kama GB 11 kwa kazi hiyo tu. Programu ikiachwa kwenye "auto" hujichukulia picha kubwa kadiri mtandao unavyoruhusu, hivyo ingia kwenye mipangilio uibane mwenyewe kabla ya filimbi ya kwanza.

Kabla hujasaini

Pima kasi kati ya saa mbili na saa nne usiku, kwa jirani ambaye tayari anatumia kampuni hiyo. Kipimo cha saa nne asubuhi hakina maana. Tumia fast.com, kwa kuwa hupima njia ya kwenda kwenye mitambo ya Netflix. Vipimo vingine huchagua kituo kilicho ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe na kukuonyesha namba za kukufurahisha. Kisha fungua programu ile ile unayokusudia kuitumia na uitazame dakika kumi mfululizo. Kasi ikipanda na kushuka sana, Mbps 20 inayoyumba ni mbaya kuliko Mbps 8 iliyotulia.

Uliza pia runinga ngapi zinaweza kuwashwa kwa wakati mmoja, kwenye boksi na kwenye programu. Nyumba yenye bibi wa tamthilia na kijana wa mpira itagombana kwa sababu ya sharti hili mapema kuliko kwa sababu ya kasi.

Fundi akija kufunga faiba, mwambie kifaa cha mwanga, kile kisanduku kinachopokea uzi wa faiba, akiweke karibu na runinga kubwa, si mlangoni kwa kuwa ndiko alikofikia waya. Uzi wa faiba usikunjwe kona kali. Duara ya nusu kipenyo cha sentimita 3 ndiyo salama kwa uzi wa kawaida, ukiubana zaidi ya hapo mwanga unavuja. Kutoka kwenye kifaa hicho hadi kwenye boksi vuta waya wa mtandao wa Cat5e. Unabeba Gbps 1 hadi mita 100, na hata boksi lenye tundu la Mbps 100 linatosha kabisa kwa 4K.

Kwa huduma ile ya njia iliyotengwa, angalia boksi limechomekwa tundu lipi. Mara nyingi kampuni hutenga tundu moja kwa televisheni. Ukihamishia waya kwenye tundu jingine unapata intaneti lakini chaneli hazifunguki, na watu hupigia simu huduma kwa wateja wiki nzima kwa kosa hilo. Chaneli hizo pia hazipendi Wi-Fi: mkondo unaogawanwa na wengi hutumwa hewani bila uhakika wa kufika, pakiti (kipande kidogo cha data) ikipotea hairudiwi, na picha huvunjika vipande. Kuweka kigawanyio cha waya wa mtandao (swichi) cha bei rahisi katikati nako huleta balaa, kwa kuwa kisichoelewa mikondo hiyo huimwaga kwenye kila tundu na kuilemea ruta.

Kusoma tatizo kwa macho

Picha yenyewe husema tatizo liko wapi. Ikivunjika vipande vya mraba na sauti kukatika, pakiti zinapotea: kwenye antena au dishi ni mawimbi hafifu, kwenye boksi la kampuni ni waya au Wi-Fi. Kiduara kikizunguka katikati ya skrini, ni programu inayosubiri data, na lawama ni ya kasi au ya mitambo ya mwenye programu. Skrini nyeusi yenye sauti, au nyeusi kabisa kwenye runinga ya zamani, mara nyingi ni HDMI isiyokubaliana na kinga ya kunakili. Badilisha tundu la HDMI kwanza, kisha waya, kabla ya kumwita fundi.

Kwenye kifaa cha faiba, taa ya LOS ikiwaka nyekundu mwanga haufiki. Hakikisha uzi haujakunjwa au kuchomoka. Ikibaki nyekundu, kazi ni ya kampuni. Taa ya PON ikimeta-meta bila kutulia, kifaa kinajaribu kujisajili na hakikubaliwi. Intaneti ikiwa nzuri kwenye simu lakini runinga inakwama, tatizo ni Wi-Fi ya runinga. Ipeleke kwenye 5 GHz kama iko chumba kimoja na ruta, au ivutie waya. Vile vikuza mawimbi vya kuchomeka ukutani, vinavyopokea na kurusha kwa redio moja, hupunguza kasi hadi kama nusu.

Antena nayo ina tabia yake. Dijitali haina picha ya chenga-chenga. Ni safi, huvunjika vipande, au haipo. Ikikatika kila jioni au kila upepo ukivuma, kagua viungo vya waya kabla ya kununua antena kubwa. Waya uwe wa RG6, na kumbuka kila unapougawa mara mbili, kila upande unapata chini ya nusu ya nguvu. Kwa dishi la sentimita 80 au 90, picha inayopotea kwenye mvua kubwa na kurudi baada ya dakika chache ni kawaida ya mawimbi ya Ku, yale ambayo dishi la aina hii hupokea. Isiporudi mvua ikiisha, dishi limesogea au LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, imeingia maji.

Umeme ukikatika nyumbani, uzi wa faiba wenyewe hauzimiki, vifaa vyako ndivyo huzimika. Kifaa cha mwanga na ruta vingi hutumia volti 12 na ampea 1 hadi 1.5, hivyo UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 huviendesha saa kadhaa na mtu akamalizia mechi kwenye simu. Ving'amuzi vingi pia ni vya volti 12. Runinga ndiyo mzigo.

Boksi la dukani

Maboksi ya Android ya bei rahisi ni mahali ambapo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwenye kasha imeandikwa 4K, ndani hakuna kibali. Huduma kubwa za filamu huangalia ngazi ya Widevine ya kifaa, yaani kinga yake ya kunakili: L1 ndiyo ya juu, L3 ya chini. Kisipokuwa na L1, Netflix hukipa picha ya ubora wa chini hata ukiwa na faiba ya Mbps 100. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aliwashe, pakua programu ya DRM Info na usome mstari wa Widevine. Ukiona L3, rudisha kasha kwenye rafu. Runinga yenye mfumo wake inayokubali programu unazozitaka, au kijiti cha kampuni yenye jina, hutoa picha bora.

Bao linalosikika kwa jirani

Kwa wapenda mpira kuna tofauti ambayo haimo kwenye tangazo lolote. Programu hukatakata picha vipande vya sekunde chache, na kichezeshi huhifadhi vipande kadhaa kabla ya kuonyesha ili isikwame. Matokeo yake ni kuchelewa, mara nyingi sekunde 20 hadi 40 nyuma ya dishi. Ukikaa karibu na kibanda umiza, kila bao utalisikia kabla ya kuliona. Hakuna faiba inayoponya hilo, kwa kuwa kuchelewa kumo ndani ya namna programu inavyofanya kazi. Boksi la njia iliyotengwa huchelewa kidogo zaidi ya dishi tu.

Wale wa "chaneli elfu kumi"

Kuna huduma inayouzwa kwenye makundi ya WhatsApp: unatuma pesa kwa namba ya simu, unapewa kiungo, na dunia nzima inafunguka. Hii hata si televisheni ya kampuni ya simu, ila hupita kwenye waya wake. Nchini Kenya MultiChoice waliwapeleka Safaricom na Jamii Telecommunications mahakamani wakitaka wafunge tovuti zinazorusha michezo bila haki, na zinapofungwa mteja hana wa kumdai. Huzimika mara nyingi wakati wa mechi kubwa, kwa kuwa ndipo wenye haki wanapozisaka.

Walio Dubai au Muscat wajue kikwazo kingine. Kule televisheni ya kampuni ya simu imekomaa, kama eLife ya e& (zamani Etisalat) huko Dubai, lakini haki huuzwa kwa nchi. Kifurushi kilicholipiwa Dar es Salaam kinaweza kukataa kufunguka ng'ambo, kwa hiyo soma orodha ya nchi kwenye programu kabla ya kulipia mwaka mzima.

Nani achukue nini

Anayetaka habari, tamthilia za nchini na vipindi vya dini: antena na king'amuzi, basi. Faiba haitamwongezea chaneli ya maana, itamwongezea bili.

Shabiki wa ligi: dishi au kisimbuzi cha mwenye haki, kwa ajili ya picha inayofika kwa wakati. Programu ya huyo huyo aitumie akiwa safarini. Haki za ligi za Ulaya zinaweza kuhama msimu mpya unapoanza, hivyo asilipie miezi kumi na miwili kwa mkupuo mwezi Juni.

Familia ya watoto na wapenda filamu, iliyo kwenye mtaa wenye faiba tulivu: hapa televisheni ya intaneti inastahili sifa zake zote. Kurudisha nyuma, kusimamisha, kuchagua lugha, kumfungia mtoto visivyomfaa, hakuna dishi linalofikia hapo. Mbps 20 zinatosha runinga mbili za 1080p na simu za nyumba nzima. Achukue programu moja kwa mwezi, aimalize, ahamie nyingine, kwa sababu nyingi hazina mkataba wa mwaka.

Mpangaji wa chumba kimoja mwenye simu tu: bando la usiku na kupakua mapema. Programu nyingi za filamu huruhusu kuhifadhi kipindi kwenye simu, hivyo unakitazama jioni bila kugombania mnara na mtaa mzima.

Mpangaji wa ghorofa ambalo mwenye nyumba amesaini na kampuni moja ya faiba ana kazi ya ziada kabla ya kulipa kodi. Aulize kama paa linaruhusu dishi, na kama kuna waya wa antena ulioletwa hadi ndani ya chumba. Vyote viwili vikikosekana, ajue kwamba ligi ataitazama kwa programu iliyochelewa, na chaneli za nchini kwa zile tu zinazojirusha zenyewe mtandaoni.